Samaki wa Kapalamsenga Ndani ya Friza ya Damu

Nyie vijana mliorithi maabara yetu, nimepata ujumbe wenu. Mnasema mmeunda kamati ya kutunza mazingira humo kazini, na mnaomba mzee mstaafu awaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya zamani. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa na chai. Sisi hatukuwa na kamati. Tulikuwa na shida, na shida ni mwalimu mkali kuliko kamati yoyote. Lakini mmeomba kwa adabu, kwa hiyo nitaandika, na aibu zangu nitaziweka humo humo, maana mzee anayesimulia ushindi mtupu, huyo anagombea udiwani.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Odilo, Mfipa, fundi wa maabara mstaafu. Kituo chetu kilikuwa pembeni ya mji wa Mpanda, vyumba vinne vya matofali na bati, na kazi yetu ilikuwa kuchunguza magonjwa ya ng'ombe yanayoletwa na mbung'o. Umeme tuliutengeneza wenyewe kwa jenereta. Tulikuwa na friza mbili kubwa za kulala, zile unazofungua kwa juu kama sanduku. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa chumba cha friza. Ukumbukeni huo ufunguo, maana ndio ulionitia kiburi.

Kabla ya friza, lazima niwaambie habari ya Mama Yustina, kwa sababu bila yeye ningestaafu nikiwa mjinga mwenye cheti. Cheo chake kilikuwa mwosha vyombo. Aliosha chupa, vioo na mirija ya maabara, na alikuwepo kituoni kabla yetu sote, kabla hata ya bati jipya. Mimi nilifika pale nimetoka chuoni na kalamu tatu mfukoni, nikajiona nimekuja kumfundisha.

Tulikuwa na mtambo wa kutengeneza maji safi. Unachemsha maji, mvuke unapita kwenye bomba la kioo, na nje ya bomba hilo unapitisha maji mengine ya baridi ili mvuke urudi kuwa maji. Yale ya kupozea yanatoka upande wa pili yakiwa vuguvugu, na chuoni tulifundishwa yaende mtaroni. Kupata ndoo moja ya maji safi tulikuwa tunamwaga ndoo nyingi kweli kweli, na maji yenyewe yalikuja kwa mkokoteni kutoka kisimani. Siku yangu ya pili kazini Mama Yustina alisimama kando ya mtaro, mikono kiunoni, akitazama maji yanavyokwenda.

“Mwanangu,” akasema, “haya maji yana kosa gani?”

Nikamweleza. Nilimweleza kwa dakika nyingi, nikataja mvuke, joto na usafi wa kitaalamu. Akanisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesubiri mvua ipite.

“Sijauliza yamefanya kazi gani. Nimeuliza yana kosa gani.”

Hayakuwa na kosa. Yalikuwa maji safi, ya moto kidogo, yanayofaa kabisa kuoshea vyombo. Kuanzia siku hiyo aliweka pipa chini ya bomba, akaoshea vyombo vyote kwa maji yale, na yaliyobaki akafulia makoti yetu. Mwenye mkokoteni alinuna mwezi mzima, kwa sababu safari zake zilipungua.

Ila msije mkadhani kila cha kuokoa kinaokolewa. Kuna wakati wafadhili walituletea maboksi ya visahani vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa. Mama Yustina kusikia “mara moja na kutupa” ilikuwa kama kumtukania wazazi. Akavikusanya vilivyotumika, akavitia kwenye sufuria yetu ya mvuke, ile kubwa yenye mfuniko wa kukaza tuliyoitumia kuulia vijidudu, akakoleza mkaa. Tulipofungua tukakuta visahani vyote vimeyeyuka vikawa kitu kimoja cha mviringo, chembamba katikati, kimeungua pembeni. Maganga dereva akakishika kwa vidole viwili akasema, “Mama, chapati yako imekosa chumvi.” Tangu hapo tulimwomba bosi aandike barua watuletee vya kioo. Kioo kinachemshika, kinaoshwa, na kinadumu mpaka mtu akiangushe, na aliyekuwa anaangusha zaidi ni mimi.

Sasa huyo Maganga. Alikuwa Mnyamwezi, mimi Mfipa, na kwetu tulichukuliana kama watani. Nyie mnaokulia kwenye simu huenda hamjui utani ulivyokuwa. Mtani wako anaweza kuchukua kofia yako kichwani akaondoka nayo, na wewe huna pa kushtaki. Anaweza kuja msibani kwenu akadai maiti imemkopa shati. Maganga alikula chakula changu cha mchana mara nyingi mpaka mke wangu akaanza kufungasha cha watu wawili. Kazi yake kubwa, mbali na gari, ilikuwa kuniambia mimi mchawi. “Mfipa huyu, leo umekuja kwa baiskeli au kwa ungo?” Na mimi namjibu kwamba nimekuja kwa mgongo wa babu yake, aliyezoea kubeba mizigo ya watu. Tunacheka, tunaendelea na kazi.

Haya, friza. Ni katikati ya miaka ya tisini, mwaka wenyewe msiniulize, masika. Mvua zilinyesha mpaka reli ya kuja Mpanda ikakatika huko njiani, na treni ndiyo iliyotuletea dizeli. Siku moja Daktari, bosi wetu, akatuita sote nje kwenye baraza. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta miwani akitaka kusema jambo baya. Akafuta miwani muda mrefu.

“Limebaki pipa moja,” akasema. “Treni hawajui itakuja lini. Kwa tunavyotumia, pipa hili haliimalizi wiki ya pili. Jenereta ikizima, damu ya Sibwesa inayeyuka.”

Hapo hakuna aliyetania. Damu ya Sibwesa ndiyo ilikuwa kazi yetu ya mwaka mzima. Huko Sibwesa walikuwepo wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao, na ng'ombe walikuwa wanachomwa sindano ya kuzuia ugonjwa wa mbung'o, lakini wanakufa vilevile. Tulitaka kujua kama dawa ile kweli inakaa mwilini. Kila mwezi tulikwenda kuchukua damu ya ng'ombe wale wale, kabla ya sindano na baada yake, tukaigandisha kwenye vichupa arobaini na vinane. Ilibidi visafiri kwa treni mpaka maabara kubwa vikiwa vimeganda. Vikiyeyuka, majibu yanapotea, na mwaka uliopita huwezi kuurudia ukachukua damu yake.

Ng'ombe wengi kati ya hao walikuwa wa Mzee Luhende. Mzee huyu alikuwa anakuja kituoni kwa baiskeli kutoka mbali huko, anafika amejaa tope mpaka kwenye nyusi, kuuliza swali moja tu, la majibu ya maabara kubwa: “Barua imejibu?” Tukimwambia bado, anasema, “Haya,” na kutuambia wangapi wamekufa tangu aje mara ya mwisho. Halafu anageuza baiskeli.

Daktari akaendelea. “Tuna friza mbili na zote zimejaa. Lazima tuzime moja. Kesho asubuhi nitafungua kila kifurushi kwa mkono wangu, kimoja kimoja, nikilinganisha na daftari la sampuli. Kisicho kwenye daftari, shimoni.”

Mlinzi akatazama viatu vyake. Mama Yustina akaanza kukunja kanga ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Maana friza zile zilikuwa zimejaa, kweli, lakini hazikujaa sampuli.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanzia. Miaka kadhaa nyuma shemeji yangu aliniletea migebuka wanene, samaki wa ziwani, kutoka Kapalamsenga, na nyumbani hakuna umeme. Nikawafunga kwa karatasi ya kaki, ileile tuliyofungia sampuli, nikawaweka friza usiku mmoja tu. Ikawa wiki. Wakiisha analeta wengine, na mwaka ule, ili mtu asiwaguse, nikaandika juu ya kifurushi, kwa mwandiko wangu mzuri wa kitaalamu, “Sibwesa.” Nani angethubutu kufungua Sibwesa? Lakini siri ya samaki haifichiki. Mlinzi akaona, akaleta nyama yake ya porini, ya pofu. Mhudumu wa ofisi akaleta kuku. Mama Yustina akaleta mbegu za karanga, anasema baridi inazuia wadudu. Kila mmoja na karatasi ya kaki, kila mmoja na mwandiko wake. Mimi mwenye ufunguo ningemkataza nani, na mimi ndiye imamu wa msikiti huo?

Mchana ule kila mtu akagundua ana shughuli ya haraka kwenye chumba cha friza. Mlinzi alikuja kuangalia panya. Mhudumu alikuja kufagia, akiwa na kikapu badala ya ufagio. Mama Yustina hakujisumbua kutunga sababu, aliingia, akachukua karanga zake, akaniambia, “Na wewe toa hao samaki wako, usijifanye malaika.” Nikamwambia nitatoa mwisho, watu wakiondoka. Mwenye ufunguo haharakishwi.

Wakati huohuo nikasikia kengele ya baiskeli nje. Mzee Luhende.

Nilitoka kumsalimia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anakwangua tope kwenye ndala kwa kijiti.

“Barua imejibu?”

“Mzee wangu, damu yenyewe haijaondoka. Reli imekatika.”

“Ipo lakini? Haijaharibika?”

“Ipo salama salimini. Mimi mwenyewe ndiye ninayeilinda.”

“Haya. Wamekufa wengine wawili. Yule wa maziwa, na ndama wake.”

Nikampa pole. Nilimpa pole ya kweli, maana yule ng'ombe wa maziwa nilimfahamu, alinipiga teke mara tatu nikimtoa damu. Nilipozunguka kurudi ndani nikapishana na Maganga anaelekea kwenye gari na kifurushi cha kaki kwapani, amejaa kicheko.

“Mfipa! Sibwesa yako nimeichukua mimi. Leo Mama Shija anakaanga migebuka. Wewe kesho mwambie Daktari umeibiwa na mtani!”

Akawasha gari akaondoka, kwanza kwake Shanwe kuacha kifurushi, halafu stesheni kuulizia treni. Nikacheka. Kwa kweli nilifurahi, maana ameniondolea ushahidi. Nikaingia chumba cha friza nikiwa mwepesi moyoni, nikafungua mfuniko, nikaangalia kona yangu.

Samaki wangu walikuwepo. Wote watano, wamelala kwenye karatasi yao, wananitazama kwa mkia uliotokeza. Kisichokuwepo ni kile kifurushi kingine kilichoandikwa Sibwesa, kilichokuwa kona ya pili. Vichupa arobaini na vinane.

Nilifikiria Daktari anavyofuta miwani. Nilifikiria yule mzee pale nje kwenye ngazi. Nikatoka mbio, nikakumbuka baiskeli yangu ina pancha tangu juzi, na baiskeli pekee nzima pale kituoni ilikuwa ya Mzee Luhende.

“Mzee, naomba baiskeli yako mara moja.”

“Kuna nini?”

“Kuna dharura ya kitaalamu.”

Akanitazama, akanipa. Mama Yustina akamletea chai, na mimi nikakanyaga kwenda kufuata damu ya ng'ombe wake kwa baiskeli yake, bila kumwambia. Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Tulielewana tu njiani, mimi na hiyo baiskeli.

Kufika Shanwe nikaona watu wamejaa kwenye uwanja wa Maganga. Nikajua nimechelewa. Mama Shija, mke wa Maganga, alikuwa mwanamke wa sauti, muuza maandazi, na siku hiyo sauti yake ilisikika kabla sijaona nyumba. Aliponiona akanyamaza, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

“Huyo hapo,” akasema. “Mwenyewe kaja. Mtani, hii ndiyo zawadi unayompa mume wangu aniletee? Naambiwa samaki wa Mfipa, nafungua nikaange, nakuta vichupa vya damu. Vinatoa moshi!”

“Siyo moshi, mtani, ni baridi.”

“Damu ya moshi! Jikoni kwangu! Na mafuta nimeshayatia kwenye karai!”

Watu wakasogea. Vijana, hapa nilikuwa natania kwa mdomo lakini jicho linatafuta njia ya kutokea. Maneno ya uchawi kati ya watani ni kicheko, ila yakitoka nje ya utani yakaingia kwa majirani wasiokujua, hayawi mchezo tena. Niliona mzee mmoja hacheki kabisa.

“Ni damu ya ng'ombe,” nikasema kwa sauti ili wote wasikie.

“Ng'ombe wako?”

“Hapana, si wangu.”

“Wa nani?”

“Wa watu. Wa Sibwesa.”

“Kwa hiyo unatembea unakusanya damu za ng'ombe wa watu,” akasema yule mzee asiyecheka, “unaziweka kwenye vichupa.”

Ukisikiliza ilivyokaa, mwenyewe ningejishuku. Nikajieleza zaidi, na kila nilivyojieleza nilizidi kuzama. Niliwaambia tunaigandisha ili isife. Wakauliza damu inakufaje. Nikawaambia tunaipeleka mbali kwa treni. Wakaguna. Nikaona elimu yangu yote inanisaidia kuelekea kaburini.

Aliyeniokoa ni jirani yao, fundi seremala. Alitoka kwenye banda lake amejaa vumbi la mbao akasema, “Mama Shija, huyu si ndiye anapanda gari la maabara na mumeo? Lile la mbung'o? Mpeni vichupa vyake aende.”

“Simpi hivihivi. Avihesabu hapahapa, mbele ya watu, nisije nikabakiziwa kimoja ndani kwangu.”

“Viko wapi?” nikauliza. Jua lilikuwa limewaka tangu mvua ya asubuhi ikatike, na kwa hesabu zangu damu ile ilikuwa imeshakuwa uji.

Seremala akanipeleka nyuma ya banda lake. Palikuwa na lundo la maranda, yale mabaki ya randa na unga wa msumeno, refu kunizidi. Alisema Mama Shija alipokuja anapiga kelele hataki kitu kile ndani wala nje, yeye akakifukia ndani kabisa ya maranda ili kuku wasikiparue, mpaka Maganga arudi. Nikaingiza mkono mpaka begani. Nikashika karatasi. Nikaichomoa, nikatoa kichupa kimoja, nikakigonga kwa kucha.

Ngumu kama jiwe.

Nilikaa chini palepale kwenye maranda. Seremala akaniuliza kama naumwa. Nikamuuliza, imewezekanaje haijayeyuka?

“Si iko kwenye maranda,” akanijibu, kama anayemweleza mtoto. “Wanaoleta samaki kutoka ziwani barafu yao wanaitunza kwa nini? Maranda wanachukua hapahapa kwangu. Nyie huko maabara mnatumia nini?”

Dizeli, nikataka kusema, lakini nikaomba boksi nikaanza kulijaza maranda.

Basi tukahesabu. Nilisimama katikati ya uwanja, natoa kimoja, nakinyanyua, watu wote wanaitikia namba, halafu kinarudi haraka kwenye boksi la maranda. Ilipofika arobaini na saba nikapapasa, nikakosa. Mama Shija akaanza kuvua kanga ya kichwani ajifunge kiunoni. Nikapapasa tena, kikawa kimenasa kwenye mkunjo wa karatasi. “Arobaini na nane!” wakaitikia, na wengine wakapiga makofi. Hata yule mzee asiyecheka akaitikia kwa kichwa. Mama Shija akasema sawa, niende, lakini mafuta yake yako kwenye karai na utani una fidia. Jioni ile migebuka wangu watano walikaangwa Shanwe, na Maganga alikula wawili, mshenzi yule.

Nilirudi kituoni boksi limefungwa nyuma ya baiskeli. Mzee Luhende alikuwa bado na chai yake.

“Umelowa jasho,” akasema. “Dharura imekwisha?”

“Imekwisha, mzee.”

“Haya.” Akachukua baiskeli yake, akapangusa maranda kwenye kiti, akaondoka.

Asubuhi, vichupa vikiwa vimerudi mahali pao, Daktari akafungua friza. Akafungua kifurushi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akapekua haraka haraka, maana hakukuwa na vingi. Sampuli zetu zote za halali hazikujaza hata nusu ya friza moja. Ile ya pili ilikuwa na barafu tupu na unyoya mmoja wa kuku. Akafuta miwani.

“Miaka yote hii,” akasema polepole, “tumekuwa tunaunguza dizeli kugandisha nini?”

Nadhani hakutaka kujibiwa, maana nilimwona anaokota ule unyoya na kuutia mfukoni.

Tukazima friza ya pili. Kuhusu maranda, nilimwambia Daktari nimesikia kwa seremala mmoja, nikaishia hapo. Tukatengeneza kasha la mbao kuizunguka friza iliyobaki, tukajaza maranda pande zote. Mara ya kwanza tuliharibu. Tuliziba mpaka upande wa mashine, na mashine ya friza inahitaji kupumua. Mama Yustina ndiye aliyepita akaweka kiganja akasema, “Huyu ana homa.” Tukafukua upande ule haraka, tukaacha nafasi ya hewa. Halafu tukajifunza lingine. Friza yenye nafasi tupu inapoteza baridi kila ukifungua, kwa hiyo tukajaza chupa za maji ya chumvi pale walipokuwa wanalala samaki. Zikishaganda, zinashika baridi hata jenereta ikizimwa. Na nikabandika mlangoni orodha ya kilichomo na kilipo, ili mtu afungue, achukue, afunge, asisimame anawaza kama yuko dukani.

Jenereta ikawa inawaka asubuhi kidogo na jioni kidogo. Mchana kutwa kimya. Kwa mara ya kwanza tulisikia ndege wa kituo chetu, hatukujua kama wapo. Lile pipa ambalo lisingemaliza wiki ya pili lilitufikisha wiki ya tano, treni ikaja, na vichupa vikaondoka ndani ya boksi la maranda vikiwa vimeganda. Dizeli mpya ilipofika Daktari aliuliza kama tuwashe friza ya pili. Tukatazamana. Hatukuwa na cha kuweka.

Hayo ndiyo kamati yenu inaweza kuandika ukutani. Lakini nilisema nitaweka na aibu zangu, na imebaki moja.

Barua ikajibu. Ilisema vichupa vyote vilifika salama, na kwamba ile dawa ilikuwa haikai kwenye damu ya ng'ombe kama inavyotakiwa. Ilikuwa dhaifu, ya kudanganyia, na watumie nyingine iliyotajwa humo. Mzee Luhende alipokuja nilimsomea mstari kwa mstari pale kwenye ngazi. Aliomba nirudie sehemu ya dawa. Nikarudia. Akaanza kuhesabu kwa vidole waliokufa, akitaja kila mmoja kwa rangi yake, na vidole havikutosha.

Sijui nini kilinipata. Pengine ni vile alivyomtaja yule wa maziwa. Nikamwambia yote. Samaki, karatasi ya kaki, mwandiko wangu mzuri, Maganga, karai la mafuta, na baiskeli yake. Nilifikiri atanipiga. Nilipofika kwenye karai akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikaanza kucheka naye kwa ahueni. Kisha akaacha ghafla.

“Odilo. Ile siku, kama ungekuta imeyeyuka, ungerudi ukaniambia?”

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, kama ule wa dharura ya kitaalamu. Nikautazama uso wake nikaumeza.

“Nisingekuambia, mzee. Ningeirudisha friza igande tena, ningeituma hivyohivyo, na wewe ungesubiri barua.”

Kisha akasimama, akafunga chupa za dawa mpya tulizompa nyuma ya baiskeli kwa mpira, akavuta kuona kama zimekaza.

“Haya,” akasema. “Basi kila nikija nitakuwa naingia humo ndani nafungua friza, naangalia mwenyewe.”

Sheria ya kituo ilikataza mtu wa nje kuingia chumba kile, na ufunguo niliushika mimi. Miaka yote aliyoendelea kuja, mpaka alipozeeka akawa analetwa na mwanawe, nilimfungulia.